Vikaratasi Sita juu ya Murara

"…wajinga watupu, mama, na ule mwenye kravate njo mujinga wa kwanza!"

Charline alikuwa hata hajashuka vizuri. Muguu moja chini, ingine bado juu ya moto, ile pikipiki ya kubeba watu, mutu wa moto ananyoosha mukono kumuomba kofia yake, na yeye ameisha kuanza. Kutoka Katoyi mupaka Murara alikuwa amefunga mudomo, juu ukifungua mudomo juu ya moto wakati ya jua unakula vumbi ya makoro, yale mawe meusi ya volkano. Ile kimya ya njia muzima ilikuwa imempandia kama maziwa inapanda ndani ya sufuria, na sasa kifuniko kiliruka.

Mama Séraphine hakuinua kichwa. Alikuwa anagonga fromaji.

Hiyo njo ilikuwa kazi yake kila siku kwa depo ya Murara, duka ya kuuzishia ndani ya Goma, tangu miaka kumi na moja. Fromaji za Fromagerie Malisho, jibini ya maziwa ya ng'ombe, zilikuwa zinafika ndani ya visanduku, mviringo, manjano, kila moja ukubwa wa sahani ya supu. Yeye alikuwa anatosha moja ndani ya kisanduku, anaiweka karibu na sikio, anaigonga na kifundo cha kidole polepole, sawa mutu anagonga kwa mulango ya mutu anaheshimu. Anasikiliza. Yenye imeiva inapanda kwa etajeri. Yenye haijaiva inarudi ndani ya kisanduku kando ya mulango, na kile kisanduku kinarudi Katoyi, kwa fabriki, bila maneno. Hakuwa anagombana na mutu. Alikuwa anarudisha tu.

"Kaa kwanza," alisema. "Nani mujinga?"

"Wote."

"Wote ni wengi. Unikunjie ile kitambaa, halafu unianzie kwa mwanzo."

Charline alikunja kitambaa vibaya, akakaa juu ya kisanduku kitupu. Mama Séraphine hakuwa mama yake wa kuzaa, alikuwa mudogo ya mama yake. Alimuchukua akiwa na miaka tisa, akamulea, akamusomesha mupaka akapata graduat ya gestion, diploma ya kusimamia kampuni, na siku alipoipata, akamupeleka yeye mwenyewe kwa patron wa Malisho na kusema: huyu anajua kuandika. Hivyo njo Charline alipata kiti ya sekretere kule Katoyi. Na hivyo njo ilikuwa vigumu kwake kukaa juu ya kisanduku leo, lakini hiyo tutaifikia.

Mambo ilianza wiki tatu zilizopita. Papa Donat, mwenye Malisho, mutu wa Masisi aliyekuwa anajua ng'ombe zake moja moja kwa mugongo, alienda kwa ndoa moja, wakamukalisha pembeni ya bwana fulani aliyemuambia kama kampuni ya kweli haiishi bila plan stratégique. Plan ya miaka tano. Papa Donat akarudi na hiyo plan ndani ya kichwa sawa mutu anarudi na mafua. Akaitisha expert, mutaalamu wa mambo ya kampuni. Na kabla expert hajafika, neno ikaanza kutembea ndani ya fabriki kama plan itaanza na kufunga kitu moja, na hiyo kitu ni depo ya Murara.

Mwenye kutembeza hiyo neno alikuwa Bienvenu, gérant, musimamizi wa fabriki, mutoto ya dada ya patron. Alikuwa anaisema na uso ya huzuni, ile uso mutu anavaaka kwa matanga ya mutu hakumujua. Eti masikini, mama Séraphine, miaka yote ile. Eti lakini dunia inabadilika.

Kwa hiyo asubui ya leo, Charline na mama Séraphine wote wawili walijua. Réunion, ule mukutano wa Katoyi, itaacha mama Séraphine na ufunguo ya Murara, ao itamuondolea. Yeye mwenyewe hawakumuita. Walisema lazima mutu abakie kuuzisha.

Expert aliitwa Olivier. Alikuwa na telefone tatu na kravate, tai ya shingoni, ya rangi ya maini, na alikuwa na tabia moja ambayo alileta kutoka Kampala, kule alimaliza miaka mbili: alikuwa anauliza ulizo, anangojea kidogo ili kila mutu ajisikie mujinga, halafu anajijibu yeye mwenyewe na anafurahia jibu. Alibandika karatasi kubwa kwa ukuta, akachora musalaba, akapata vyumba ine. Juu, nguvu ya kampuni na uzaifu ya kampuni. Chini, nafasi zinazotoka inje na hatari zinazotoka inje. Halafu akaeleza. Akaeleza ndani ni wapi na inje ni wapi, polepole, akiwaonyesha na mukono, sawa mutu anaonyesha mutoto pua yake. Charline alikuwa amesoma ule musalaba kwa première graduat, mwaka wa kwanza, ndani ya fotokopi iliyofutikafutika, na angeuchora yeye mwenyewe, na larati ya kupigia musitari, laini zikiwa zimenyooka kuliko zile za expert.

Kulikuwa watu saba wa kujibu: Bienvenu, muzee Barthélemy mwenye kupika fromaji, Angèle wa kontabilité mwenye kuandika hesabu, vijana wawili wa kave (kule fromaji zinalala mupaka ziive), shofere, na Charline. Patron alikaa karibu ya dirisha, kofia juu ya goti.

Wakaanza na hatari. Sasa niambie, mutu wa kravate kusimama ndani ya Goma na kuuliza watu wa Goma kama wanajua hatari moja ao mbili. Aligawa vikaratasi vya bulu, na watu wakaandika sawa wale wanalipwa. Volcan. Njia ya Masisi. Njia ya Kibumba. Banki zenye milango imefungwa. Kiwanja ya ndege. Kurà ya umeme inayokatika maziwa ikiwa juu ya moto. Ng'ombe wanaoenda na watu wasioomba ruhusa. Baada ya dakika kumi chumba ya hatari ikajaa, vikaratasi vikamwagika kwa ukuta mupaka chini, shofere akaanza kuvibandika juu ya mulango. Expert akafuta jasho. Akasema kwa methode tunachagua hatari tatu tu, zile kubwa. Muzee Barthélemy akamuuliza, na heshima yote, kama volcan itakubali kuwa ya ine.

Kwa nafasi, hakuna mutu alipata kitu. Expert akaandika yeye mwenyewe: *digital*. Akaipigia musitari mbili chini.

Kwa nguvu, ilikuwa aibu. Charline aliposimulia hiyo, alishika kichwa. Patron. Patron. Hekima ya patron. Maziwa ya muzuri. Uvumilivu ya patron. Na moja tu, ya Angèle, yenye kuwa na maana kidogo: wateja wetu hawatuachake. Papa Donat alikuwa anaangalia inje kwa dirisha wakati wanasoma, sawa mutu anasikia wanamusifu farasi hakununua.

Halafu uzaifu. Expert akatosha vikaratasi vya rangi ya rozi, kila mutu kimoja.

"Bila jina," alisema. "Hakuna mutu atajua nani aliandika nini. Semeni ukweli."

Hapo njo unaona mutu amesoma mbali lakini hajakaa kwa nyumba ya mutu. Mwenye fabriki iko pale, na kofia yake, na goti yake, na wewe unaomba watumishi yake waandike kitu yake inaenda mubaya wapi. Kwa Malisho, hata surwali ya patron ikipasuka, hakuna wa kumuambia. Wanatembea tu nyuma yake wote pamoja mupaka afike kwa gari. Basi watu wakaanza kutafuta uzaifu ambao hauko ndani ya chumba. Na nani hakuwa ndani ya chumba?

Bienvenu aliandika wa kwanza, haraka, mukono moja imefunika ingine sawa mutoto wa primaire anaogopa jirani amukopie. Angèle akaandika. Vijana wa kave wakaangalia Bienvenu, wakaandika. Muzee Barthélemy naye akaandika, na huyu mama Séraphine alikuwa amemuletea chakula kwa lopitali siku kumi mufululizo wakati bibi yake wa ndoa alilala kule mugonjwa. Aliinama juu ya kikaratasi sawa mutu anafunga viatu.

Hapa Charline, wakati alikuwa anasimulia, aliruka. Aliruka vizuri, sawa mutu anaruka mufereji kila siku kwa njia yake, na mama Séraphine, sikio kwa fromaji, hakuonyesha kama ameona. Lakini sisi hatutaruka.

Charline alikuwa na kikaratasi yake mbele yake, na alijua kabisa kitu ya kuandika. Alijua kama fromaji ya Malisho inaomba wiki sita ndani ya kave, na Bienvenu anazitosha mbele ya wakati, juu anapenda kumuonyesha mujomba yake visanduku vinaondoka. Alijua kama depo zingine zinazipokea hivyo hivyo na kuziuzisha, na Murara peke yake inazirudisha, juu kule Murara kuko sikio. Kwa hiyo Murara njo ilionekana mubaya. Ingetosha musitari moja. Lakini Bienvenu alikuwa amekaa pembeni yake, na harufu ya parfe yake mupya, na akainama kidogo, akanong'ona: "Charline, wewe unajua kuandika, si njo vile?" Alisema hivyo tu. Hakumutisha, hakumuahidi kitu. Na Charline wa graduat, Charline aliyekuwa ameisha kucheka kila mutu ndani ya chumba tangu asubui, akashika biki na akaandika herufi sita. MURARA. Akakunja kikaratasi mbili na akampa expert bila kumuangalia.

Expert akabandika. Vikaratasi saba. Sita vilisema Murara, kila kimoja na kinywa yake: Murara inarudisha mingi, Murara mama ni mukali, depo ya Murara, Murara. Ya saba ilikuwa ya shofere, na ilisema: *pneu*, ile mipira ya magurudumu. Ndani ya watu saba, mutu moja tu alikuwa amesema ukweli, na hata yeye alikuwa anafikiri gari yake.

Expert alifurahi sana. Akazungushia vile sita duara kubwa nyekundu na akasema kuna consensus, wote wamekubaliana, na sauti ya munganga wa meno aliyepata jino. Akasema hatari za inje hatuziwezi, lakini uzaifu ya ndani unaondolewa. Unafunga depo, unaweka mutu na telefone, watu wanakomande, wanaagiza tu. Bienvenu akavaa ile uso ya matanga.

Charline alikuwa anamuzarau expert. Halafu akamuzarau Bienvenu, halafu muzee Barthélemy na mugongo yake iliyoinama, halafu Angèle, halafu wale wawili wa kave ambao hata kuzarau walikuwa wadogo. Akashuka hivyo mutu kwa mutu, sawa mutu anashuka ngazi, mupaka akajikuta yeye mwenyewe chini kabisa. Chini yake hakukuwa tena mutu. Basi akasimama, juu hakukuwa pa kushuka.

Akatoka kwa koridoro. Kule kulikuwa visanduku vyenye kurudi kutoka Murara, wiki ya mbili sasa, hakuna mutu aliyevigusa. Akachukua fromaji moja, akarudi, akaiweka juu ya meza, pembeni kabisa ya ordinatere ya expert, mupaka expert akavuta ile kompyuta yake kwake.

"Papa," alimuambia patron, "uikate."

Papa Donat akatosha kisu kidogo kwa mufuko, kile anakatiaka kamba ya ng'ombe, akaikata kati. Ndani ilikuwa nyeupe, inalowa, inang'ang'ania kisu sawa udongo. Harufu yake ilikuwa ya maziwa ya jana. Akageuza ile etiketi iliyofungwa na kamba.

Sasa, kwa Malisho kuko desturi moja. Kila mutu wa fabriki, hata sekretere, hata shofere, anapata wiki yake ya kugeuza fromaji ndani ya kave, juu fromaji isipogeuzwa kila siku inaoza upande moja. Na mwenye iko na zamu anaandika etiketi na mukono yake: siku fromaji iliingia, siku ilitoka. Papa Donat amesoma zile etiketi ndani ya kave, zikiwa bado na siku ya kuingia tu, miaka kumi na moja, moja moja, kila asubui, sawa watu wengine wanasoma gazeti. Hana gazeti ingine.

Etiketi ilisema: *kuingia le deux, kutoka le vingt.* Tarehe mbili mupaka tarehe makumi mbili: siku kumi na munane.

"Nani aliitosha hii?"

Bienvenu alianza kutafuta kitu ndani ya telefone yake.

Hapo Charline akasema. Alisema zile zinazorudi hazikuwa uzaifu ya Murara, zilikuwa za Katoyi, na Murara ilikuwa tu na adabu ya kuzirudisha bila kupiga kelele. Alisema wale wateja Angèle aliandika kwa chumba ya nguvu, wale mama wanaobeba fromaji mupaka Butembo na Beni, ni wa Murara wote, na wanapita depo mbili zingine kwa njia mbele ya kufika kule.

"Si Malisho wanakujaka kununua, Papa," alisema. "Wanakujaka kununua sikio ya mama Séraphine."

Papa Donat akainuka. Alikuwa muzee lakini hakuhitaji mutu wa kumushika. Akaenda kwa ukuta na etiketi ndani ya mukono, akaiweka pembeni ya kikaratasi ya kwanza ya rozi. Akaangalia moja, akaangalia ingine. Akang'oa kikaratasi.

"Bienvenu," alisema, na akaiachia ianguke.

Ya pili. "Barthélemy. Hapa mukono ilitetemeka. Hiyo nimeiona, ni muzuri kidogo."

Ya tatu, Angèle. Ya ine na ya tano, vijana wa kave, na majina yao na ya baba zao. Expert akakohoa. Akasema kwa heshima yote methode inaomba anonimato, hakuna jina, na watu waliahidiwa, na hiyo inaweza kuharibu matokeo.

Papa Donat hakugeuka. "Bwana expert, hawa watu niko nawasoma juu ya fromaji kila siku ya Mungu. Ulizani karatasi ya rozi njo itawaficha?"

Ilibakia ya sita. Aliishika wakati murefu. Alimuangalia Charline, na haikuwa hasira, na hii njo ilikuwa mubaya kuliko hasira: alimuangalia sawa fromaji yenye bado hajagonga. Halafu akaikunja mara ine, akaiingiza kwa mufuko ya shati, akafunga kifungo juu yake.

Akarudi kwa kiti, akachukua kofia yake. Akasema depo ya Murara hakuna mutu ataigusa. Akasema kesho, yeye mwenyewe, saa ya kufungua, ataenda kukaa kule na mama Séraphine siku muzima amufundishe kugonga, juu anataka kuona nafasi ambayo watu sita wanaiogopa namna hiyo. Akamuambia Bienvenu aanze wiki yake ya kugeuza leo hii, na abakie kule mupaka atakapoitwa. Na akamuambia expert abandue karatasi zake, lakini zile za hatari aziache kwa mulango, juu zile angalau ni za kweli.

"Hivyo," Charline alisema, juu ya kisanduku yake, na akapumua sawa mutu ametoka kwa maji. "Hivyo tu, mama. Ungeona ile kravate inakunja musalaba yake. Ungeona Bienvenu anaulizia bote za mupira za kave, anasema hazimuenei."

Mama Séraphine alicheka kidogo, na pua. Aliweka fromaji moja kwa etajeri, akaifuta na kile kitambaa Charline alikunja vibaya, akakikunja tena yeye mwenyewe. Akauliza kama bibi ya muzee Barthélemy anaendelea vizuri. Charline akasema hajui. Mama Séraphine akasema lazima kumuuliza, mutu haachake kuwa mugonjwa juu bwana yake ni mwoga. Akasema patron akikuja kesho atahitaji kiti, ile ya plastiki imevunjika muguu, watamuombea jirani ingine. Hakusema asante kwa mutu, hakulia, hakuita Mungu. Ufunguo ya depo ilikuwa inaning'inia kwa shingo yake na kamba, sawa kila siku, na aliigusa mara moja tu, sawa mutu anajikuna.

Halafu akachukua fromaji ingine kutoka kisanduku, akaileta karibu na sikio, na akaanza kuhesabia, polepole, na ile mukono ilikuwa huru.

"Sita, ulisema."

"Sita, mama."

"Bienvenu. Barthélemy. Angèle, ile ya Angèle inanishangaza. Vijana wawili wa kave. Shofere aliandika pneu." Vidole tano vilikuwa vimesimama. Aliviangalia, halafu akamuangalia Charline, na kifundo ya kidole ikagonga fromaji mara moja, polepole, na akasikiliza. "Ile ingine patron aliweka kwa mufuko ni ya nani?"

Inje mama mumoja wa Butembo alikuwa anashusha kitunga chake kwa mulango, anapiga hodi. Charline alichukua kitambaa, akakikunjua, akakikunja.

"Hiyo, mama," alisema, "nitakuambia kesho asubui. Kabla patron hajafika."